Farasi wa Ziwa Jeusi

Baile nan Cnoc, kisiwa cha Skye
4 Aprili 1911

Mdogo wangu Fearchar,

Nakusalimu wewe, namsalimu mkeo Ceit, na watoto nawasalimu mmoja mmoja kwa majina yao. Mama anakusalimu kuliko sisi wote. Amekaa hapa karibu na moto ananiangalia mkono, na kila nikituliza kalamu ananiuliza, "Umeshamwambia habari ya goti langu?" Basi nakuambia habari ya goti lake: linauma. Mengine yote mazima. Ametimiza miaka sabini na sita na bado anabishana na mchungaji kuhusu urefu wa mahubiri.

Ng'ombe mweusi amezaa dume. Mbegu za viazi zimetutosha. Murchadh mhunzi, yule uliyekuwa ukigombana naye shuleni, ameoa tena, na mke wa safari hii anamwendesha mpaka amekonda. Anasema mwenyewe kwamba chuma ni laini kuliko yule mama.

Sasa habari yenyewe. Wanaume wa kijiji wamekubaliana kuchimba mfereji upande wa kusini wa Ziwa Jeusi ili maji yashuke. Wamepima, wanasema yakishuka kimo cha watu wawili tutapata uwanda mzima wa majani ya kulisha ng'ombe wakati wa baridi. Mwenye ardhi hana neno. Siku hizi sheria inatulinda kidogo, si kama zamani zetu.

Wazee wachache wamekataa. Wanasema hakuna mwenye akili anayemchokoza farasi wa maji nyumbani kwake. Murchadh aliwajibu palepale mkutanoni, "Kama yupo, na atoke atusaidie kuvuta mikokoteni." Watu wakacheka. Kisha wakakumbuka kwamba mimi nimekaa nyuma, wakanyamaza wote kwa pamoja. Ni mwaka wa thelathini na moja tangu mdogo wetu Beathag apotee, na bado nikiingia mahali watu hukata maneno.

Mama sijamwambia. Mistari hii ya mwisho nimeiandika akiwa amekwenda kuwatazama kuku.

Dada yako,
Raonaid

*

Cape Breton, Kanada
23 Mei 1911

Dada yangu mpendwa Raonaid,

Barua yako imenifikia nikiwa mzima, na nyumbani kwangu hapana mgonjwa. Theluji imeondoka juma lililopita tu. Binti yetu wa kwanza, Seasaidh, amechumbiwa na kijana wa watu kutoka kisiwa cha Barra, Mkatoliki, na Ceit amelia siku tatu, halafu amemzoea kijana na sasa anamfumia soksi. Mwambie Mama asugue goti kwa mafuta ya kondoo yaliyopashwa moto. Mwambie pia kwamba mchungaji wetu wa huku ni mbaya zaidi.

Dada, hilo jambo la ziwa. Nakuomba uwaambie wasichimbe.

Najua watakucheka. Waambie hata hivyo. Yule farasi si hadithi ya kutishia watoto. Anasimama ukingoni mpole kama ng'ombe wa maziwa, manyoya yake ya kijivu yamekauka, na mtoto akimpanda mgongoni ngozi inamnata asitoke tena. Akishaingia naye majini hakirudi kitu isipokuwa ini linaloelea. Wazee walijua, na unajua nilivyosema mwenyewe wakati ule. Kitu kama hicho hakiondolewi maji juu yake. Uwanda wa majani hauna thamani hiyo. Kuna malisho mengine bondeni, kwa nini wasifyeke kule?

Ongea na Murchadh. Wewe atakusikiliza.

Nimeandika haraka kwa sababu meli ya barua inaondoka Jumatano.

Ndugu yako,
Fearchar

*

Baile nan Cnoc
2 Julai 1911

Mdogo wangu,

Salamu zetu zikufikie na ninyi nyote mkiwa na afya. Tumefurahi kwa Seasaidh. Mama kasikia neno Mkatoliki, akauliza kama kijana anajua kulima. Nikamwambia anajua. Akasema basi Mungu atayaangalia hayo mengine. Mafuta ya kondoo yamesaidia goti, ila sasa paka hamwachi mguu.

Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Umekaa huko miaka ishirini na sita, Fearchar, umeniandikia habari za miti, za baridi, za meno ya watoto. Habari ya ziwa hukuiandika hata mara moja. Nikiitaja mimi, barua iliyofuata ilikuwa fupi. Sasa umejaza ukurasa mzima.

Nilikwenda kwa Murchadh kama ulivyoniomba. Alikuwa anapiga jembe. Akaniambia, "Raonaid, mimi namheshimu mdogo wako, lakini yeye yuko ng'ambo ya bahari na ng'ombe wangu wako hapa." Wamekwisha anza. Wanachimba siku tatu kwa juma, na maji yanashuka polepole, yanaacha ukingo wa matope meusi kama masizi ya chungu.

Kwa kuwa umelifungua jambo hili wewe, nami niseme langu. Mimi namkumbuka Beathag kila siku, ila kuna mwingine nimemkumbuka bila kuwa na ruhusa ya kumtaja nyumbani. Eachann. Alikuja kutujengea ukuta wa mawe pale juu, akala mezani petu miezi miwili, na baba alikuwa amekwisha kubali posa yake kwangu. Kisha siku ile ukaja mbio kutoka ziwani huku unalia kwamba farasi wa kijivu amemchukua Beathag. Tulipofika tukamkuta Eachann anatoka majini, nywele zimejaa mchanga na majani ya ziwani. Kila mtu pale alijua maana yake. Farasi wa maji akitaka kukaa na watu hujifanya kijana mzuri, na kitu pekee kinachomfichua ni mchanga na majani kichwani. Mtu mmoja akasema hata jina lake linaanza na 'each', yaani farasi. Yeye alisema alikuwa anamtafuta mtoto. Hawakumsikiliza. Kesho yake wakamfukuza kwa mawe.

Sikumwona akiondoka. Nilikuwa na miaka ishirini.

Wewe ndiye uliyekuwepo. Sikuwahi kukuuliza kitu kwa sababu ulikuwa mtoto wa miaka kumi na minne na ulikuwa hulali. Sasa nakuuliza, na unaweza kunijibu kwa neno moja. Yule farasi ulimwona?

Raonaid

*

Baile nan Cnoc
18 Septemba 1911

Fearchar,

Hujajibu. Meli tatu zimekuja.

Sisi wazima. Mama mzima. Shayiri tumekwisha ivuna, haikulowa.

Siku ya Alhamisi maji yalifika pale wanapotaka yasimame. Katikati ya ziwa, karibu na kile kisiwa cha ndege, kuna mashua imelala kwenye matope. Ni ile ya mlinzi wa samaki, ina alama ya mwenye ardhi ubaoni, na mbao zake bado nzima. Unakumbuka walisema watu wa mahema wanaohamahama waliiiba mwaka ule.

Sina mengi ya kuandika leo.

Raonaid

*

Cape Breton
30 Oktoba 1911

Dada Raonaid,

Kwanza nakuomba radhi kwa ukimya. Ceit na watoto hawajambo. Sina habari nyingine za nyumbani, au ninazo lakini haziji kwenye kalamu.

Umeniuliza swali la neno moja. Jibu ni hapana.

Beathag alikuwa akinisumbua tangu asubuhi, anataka kuona viota vya ndege kwenye kile kisiwa. Mashua ya mlinzi ilikuwa imefungwa ukingoni na makasia yamo ndani. Unajua tulivyokatazwa. Unajua Dòmhnall wa bonde la pili alivyotolewa kwenye nyumba yake kwa kosa la samaki mmoja, wakachoma paa watoto wakiwa wamesimama nje. Mimi nilijua pia, lakini jua lilikuwa linawaka na mlinzi alikuwa amekwenda mjini Portree. Nikasema tutakwenda na kurudi kabla maziwa hayajachemka.

Tulifika karibu na kisiwa. Upepo ukashuka ghafla kutoka mlimani, kama unavyoshuka pale, mashua ikalala ubavu ikajaa maji. Ilizama mara moja. Nikaogelea. Nilimtafuta, sikumwona.

Nilikimbia nyumbani njia nzima nikiwaza paa la Dòmhnall. Sikuwa nimepanga kusema farasi, dada. Nilifungua mdomo niseme mashua, likatoka farasi. Na nilipolisema, uso wa Mama ulibadilika namna ambayo sikuweza kulirudisha tena. Kila mtu alilipokea. Hakuna aliyeniuliza zaidi, hata kwa nini nimelowa. Walidhani niliingia majini kumfuata.

Habari ya Eachann. Jina lake sikulitaja. Jioni ile wanawake walinizunguka, mmoja akaniuliza, "Yule farasi, macho yake yalikuwa kama ya yule mjenzi, siyo?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ndicho nilichofanya. Nilikubali kwa kichwa. Nilifikiri watamwambia aondoke, na mtu wa kuja na kuondoka haumii sana akiondoka. Wewe sikukufikiria kabisa. Nilipokufikiria alikuwa ameshakwenda, nawe ulikuwa umejifungia huongei na mtu.

Nilipotimiza kumi na tisa nikaja huku. Watu walisema nimefuata ardhi.

Niandikie chochote unachotaka.

Fearchar

*

Baile nan Cnoc
12 Desemba 1911

Fearchar,

Mama hajambo kidogo. Kikohozi kimemshika tangu mwezi uliopita lakini anakula. Ninyi huko natumaini mko salama.

Nimeisoma barua yako mara nne, na kila mara nikifika mahali pamoja nasimama. Umesema ulimtafuta hukumwona.

Mwezi wa tisa sikukuandikia yote. Murchadh ndiye aliyeifikia mashua kwanza, akitembea juu ya mbao zilizotandazwa kwenye matope. Alikaa mle ndani muda, kisha akavua koti lake, akafunga kitu, akaja nacho moja kwa moja hapa nyumbani bila kumwonyesha mtu. Tangu siku ile hajafanya mzaha na mimi. Kilikuwa kipande cha kamba; kingine maji hayakuacha. Upande mmoja alikuwa ameukata pale ilipofungwa kwenye benchi la katikati. Upande wa pili una kitanzi. Nilitia mikono yangu miwili ndani ya kitanzi hicho, ikajaa. Na pale kwenye fundo palikuwa na kipande cha sufu, kimenyauka, lakini mishono inaonekana.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka niione hiyo kamba kwenye barua yako, kwa mkono wako. Sikuiona.

Ile sufu nilimpa Mama. Ilinibidi. Aliigeuza upande huu na huu, akaitambua mishono yake. Akasema, "Basi hakuliwa." Miaka yote hiyo, Fearchar, alikuwa akingoja ini. Aliniambia hivyo siku ile, kwamba kila masika alikuwa akienda kuangalia ukingoni peke yake, na sisi tulidhani anatafuta mayai ya bata. Tulizika ile sufu karibu na baba, na mchungaji akaomba, safari hii kwa ufupi. Tulipokuwa tunarudi Mama akanishika mkono akasema, "Usimwandikie Fearchar habari hizi. Atadhani angeweza kumwokoa."

Hakuniuliza mashua ilifikaje pale. Sijui kama hajafikiri au amefikiri akaacha.

Sasa sikiliza. Usiniandikie kwamba ulikuwa mtoto. Ulikuwa mtoto mwaka mmoja, miwili. Baada ya hapo ulikuwa mtu mzima mwenye kalamu na wino, na mimi nilikuwa hapa nakujibu kila barua, naosha vyombo vya watu wawili, nakataa posa ya huyu na huyu kwa sababu kila mwanamume aliyenikaribia nilimtazama nywele kwanza. Unajua hilo? Nilikuwa nawatazama nywele. Watu walicheka, wakasema Raonaid anatafuta chawa.

Niandikie habari ya kamba, au usiniandikie tena.

Raonaid

*

Cape Breton
5 Februari 1912

Dada,

Natanguliza salamu kwa Mama na kikohozi chake.

Kamba niliifunga mimi. Beathag alikuwa haachi kuinama nje ya mashua ashike maua ya maji, mara mbili nilimvuta kwa gauni. Nikachukua kamba ya nanga nikamzungusha kiunoni, nikaifunga kwenye benchi. Nikamwambia sasa wewe ni nahodha, na nahodha hatoki kwenye mashua. Alifurahi. Nilifunga fundo ambalo baba alitufundisha, lile lisilolegea.

Ilipozama nilishuka nayo. Maji yale ni meusi, hayaonyeshi kitu, nilimpata kwa kupapasa. Nilikuta fundo, vidole vikawa havinitii kwa baridi. Nikapanda kuvuta pumzi. Nikashuka tena nikalipata tena, naye wakati huo alikuwa bado ananishika. Nikapanda. Mara ya tatu sikushuka.

Hiyo ndiyo niliyoshindwa kuiandika. Ceit hajui. Nimelala naye miaka ishirini na hajui. Anadhani siogelei.

Sikuombi unisamehe. Nimeweka humu barua nyingine, ya Mama. Nimemwandikia yote, na kamba pia, kwa maneno rahisi, umsomee. Kama unaona isisomwe, nimekuachia wewe. Nimeuza mbao za mwaka huu mapema, naweza kupata meli mwezi wa saba. Nataka nimwambie Mama mwenyewe nikiwa mbele yake, lakini naogopa kuchelewa, ndiyo maana nimeandika.

Na Eachann. Je, yuko hai? Hujasema kitu juu yake, nami sikustahili kuuliza.

Fearchar

*

Baile nan Cnoc
17 Juni 1912

Mdogo wangu Fearchar,

Nimechelewa kukujibu, na barua hii inabeba mengi. Kaa chini kwanza.

Mama ametuacha. Alifariki tarehe kumi na tisa Januari, asubuhi, kikohozi kilipogeuka kuwa cha mapafu. Hakuteseka sana. Siku mbili kabla alikunywa uji na kuusema vibaya. Alikutaja. Aliniuliza kama kweli huko kuna dubu, nikamwambia wapo, akasema nikuandikie ufunge mlango. Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane Februari. Ile ya Mama niliifungua nikaisoma mwenyewe, nimeketi kwenye kiti chake, kisha nikairudisha ndani ya bahasha. Ninayo. Ningemsomea, nadhani. Ungekuwa umeiandika miaka mitano nyuma angekushika kichwa akalia nawe. Hilo naliamini, na nakuambia si kwa kukuumiza.

Telegramu ningeweza kukupelekea. Sikuipeleka. Miezi ile ya baridi nilikuwa sitaki kukupa kitu, hata msiba. Nimejuta, maana alikuwa mama yako pia.

Mwezi wa nne nilimwendea mchungaji, nikamwomba awaandikie wachungaji wenzake wa visiwani awaulize habari za mjenzi wa kuta aitwaye Eachann, mtu wa miaka hamsini na kitu. Jibu lilikuja kutoka kisiwa cha Mull baada ya majuma matano. Nikafunga nyumba, nikapanda meli. Ilikuwa safari yangu ya kwanza kutoka nje ya Skye.

Anakaa upande wa magharibi, nyumba safi, kuta zake nzuri kuliko za kanisa. Ana mke, Floraidh, mwanamke mnene mcheshi, na watoto wanne waliokwisha kuwa wakubwa. Jicho lake la kushoto halioni. Ni jiwe mojawapo la siku ile. Nilipomtajia jina langu hakushtuka. Akasema, "Ingia, Raonaid, upepo unaingia," kama mtu aliyenitazamia juma zima.

Nilimweleza yote uliyoniandikia. Mke wake alikuwepo, akaacha kumenya viazi. Nilipofika kwenye mashua Eachann akasema, "Hilo nalijua. Niliwaona."

Nikamuuliza amewaona vipi.

"Nilikuwa juu ukutani. Niliona mashua inakwenda, watoto wawili, mmoja anapiga makasia. Nikasema moyoni, hawa watapigwa. Nikaendelea na jiwe langu. Nilipoinua macho tena mashua haipo. Nilikimbia, lakini ni mbali kutoka pale, unapajua. Nilipofika mdogo wako ameshatoka majini amekimbilia nyumbani. Nikaingia mimi. Nilizamia mpaka nikatoka damu puani. Mlinikuta natoka."

"Kwa nini hukusema?" nikamuuliza. "Walipokuita farasi, kwa nini hukusema uliona mashua?"

Akanijibu, "Nilisikia yule kijana anasema farasi, nikajua anaogopa nini. Ningesema mashua, baba yenu angetolewa pale kabla ya mavuno. Alikuwa amempoteza mtoto mchana uleule. Nilifikiri watalia siku mbili tatu, halafu akili zitawarudia. Sikujua watafika kwenye mawe."

Floraidh akasema, "Jicho hilo mimi kaniambia ilikuwa ajali ya kazini."

"Ilikuwa kazini," akasema Eachann, na wote wawili wakatabasamu kidogo, namna ya watu waliokaa pamoja muda mrefu. Mimi sikuweza.

Fearchar, sasa nakuandikia jambo ambalo mimi nami sikuliandika. Nilikuambia sikumwona akiondoka, na ni kweli, sikumwona. Asubuhi ile, kabla hawajamkusanyikia, alikuja nyumbani kwetu. Baba na Mama walikuwa ziwani na watu wanaovuta nyavu. Wewe ulikuwa kwa jirani. Nilikuwa peke yangu ndani. Alibisha, akaniita jina. Nilisimama nyuma ya mlango, mkono uko kwenye komeo, na nilikuwa nawaza mchanga kwenye nywele zake.

Kwa hiyo pale Mull, nikiwa na kikombe cha chai ambacho sijakinywa, nilimuuliza alikuja kutaka nini.

"Nilikuja kukuambia wewe peke yako," alisema. "Wewe ungejua la kufanya. Nilibisha mara tatu, nikadhani hukunisikia."

Nikamwambia, "Nilisikia zote tatu."

Floraidh ndiye aliyenyanyuka akaja akanitoa kikombe mkononi, maana chai ilikuwa inamwagika kwenye sketi yangu.

Nililala kwao siku mbili. Eachann alinipeleka mpaka gatini. Hakuniambia nikufikishie neno lolote, na sikutaka kulitunga. Ila tulipokuwa tunangoja meli aliniuliza kama umeoa, una watoto wangapi, nikamhesabia. Akasema ni vizuri.

Tangu nirudi nimejaribu kukuchukia kama nilivyokuchukia mwezi wa kumi na mbili, nimeshindwa kuifikisha chuki hiyo mwisho. Wewe ulisema uongo ukiwa na miaka kumi na minne, umelowa, umetoka kumwacha mdogo wako chini ya maji. Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mkavu, na komeo lilikuwa mkononi mwangu. Ningelivuta, angeniambia mashua, nami ningekuja kukutoa kwa jirani na kukukumbatia, na nadhani ungenieleza yote siku ileile. Beathag asingerudi. Lakini sisi watatu tungebaki.

Nasema haya si kukupunguzia. Ya kwako ni yako. Nataka tu ujue kwamba hapo ulipo si wewe peke yako.

Mwambie Ceit. Mwambie kabla hujapanda meli, asije akaisikia kwa watu kama Floraidh alivyoisikia kwangu.

Kisha njoo mwezi wa saba kama ulivyopanga. Mama hayupo wa kumwambia, lakini niko mimi, na bado hujawahi kunisimulia kwa mdomo wako. Nitakuja Portree kukupokea. Nywele zangu zimekuwa nyeupe zote, na nimekuwa mfupi. Usimtafute yule uliyemwacha.

Dada yako,
Raonaid